Kiapo cha Machi na kiapo cha Julai: kisa cha familia moja ya Kisauni kwenye foleni ya viza ya kuhamia Marekani

Julai 2020, mwanamume mmoja wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi ya ghala mjini Columbus, Ohio, alipokea barua ya kumwita kuapa. Mahojiano na mtihani wa uraia alikwisha kuvipita. Lililobaki ni kuinua mkono wa kulia, na akitoka pale awe raia wa Marekani. Hakwenda. Aliandika barua ya kuliondoa ombi lake la uraia, na dola 725 alizolipa zikapotea hivyo. Jamaa zake wa Columbus walimcheka. Kule Kisauni maneno yalikuwa mabaya zaidi: ilisemwa ameshapata mwanamke mwingine huko, na wa nyumbani hamtaki tena.

Mimi naona lile lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika katika faili lile. Nitaeleza kwa nini, maana familia nyingi za kwetu ziko kwenye njia hiyo hiyo na ushauri wanaopewa ni ule ule, kuanzia kwa wakala wa mjini hadi kwa shemeji aliyetangulia: "Achukue uraia kwanza, mambo yatakuwa mepesi."

Watu wa kisa hiki nimewaunda kwa kuunganisha mambo ya familia zaidi ya moja, ili asitambulike yeyote. Sheria, ada na tarehe za serikali nimeziacha kama zilivyokuwa.

Mume alipata grini kadi kwa bahati nasibu ya viza inayoendeshwa na serikali ya Marekani, akaingia Marekani Agosti 2014 akiwa kapera. Ukapera huo una uzito wake. Angekuwa ameoa kabla ya kuingia, mke angeweza kufuata kwa faili lile lile la bahati nasibu, mradi mwaka wa serikali ya Marekani haujafungwa tarehe 30 Septemba. Yeye alioa Januari 2017. Nikaha ilifungwa Mombasa, na mke alikuwa mjane mwenye binti aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1999. Novemba 2017 wakajaliwa mtoto wa kiume.

Tarehe 10 Septemba 2018 mume alituma fomu ya I-130, ile ya kumwombea jamaa, kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, pamoja na dola 535 za wakati ule. Fomu ilikuwa moja, kwa jina la mke. Hakuna aliyemwambia afanye vingine, na kwa hali yake ya siku ile ilitosha. Mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anapomwombea mkewe, ombi huingia daraja la F2A, na katika daraja hilo watoto wa mke walio chini ya miaka 21 na wasioolewa hubebwa na ombi la mama yao. Ombi la mama ni matatu, watoto ni abiria.

Mke wa raia hana ruhusa hiyo. Yeye huhesabiwa kuwa jamaa wa karibu wa raia, hana foleni wala idadi ya mwaka inayomzuia, lakini ombi lake humchukua yeye peke yake. Kila mtoto lazima awe na I-130 yake. Daraja la F2A ni kinyume chake: viza zake zina kiasi maalumu kwa mwaka, yapata 87,900 kwa dunia nzima, na kwa hiyo lina foleni, ila watoto wamo. Sasa, mwombaji akiapa uraia katikati ya safari, ombi la mkewe hupanda daraja papo hapo, apende asipende. Watoto waliokuwa wakibebwa hudondoka. Hawapewi taarifa yoyote. Wengi hugundua siku ya kuitwa mahojiano, pale jina la mama linapotoka peke yake.

Kwa familia hii foleni haikuwa tatizo, angalau kwa kuitazama kwenye karatasi. Taarifa ya kila mwezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ile inayoitwa Visa Bulletin, iliiweka F2A wazi kwa kila mtu kuanzia Julai 2019. Maana yake, yeyote aliye na ombi lililokubaliwa angeweza kuendelea mara moja, bila kungoja tarehe yake ifikiwe. Hali hiyo iliendelea hadi Machi 2023. Ombi la familia yetu lilikubaliwa tarehe 15 Oktoba 2019.

Hapo ndipo ilipokuja hesabu ya umri wa binti, na ni lazima niifanye yote, kwa sababu kisa kizima kimeegemea hapo. Siku ile ya kukubaliwa ombi, binti alikuwa na miaka 20 na miezi mitano. Alikuwa anaelekea 21, umri ambao mtu huacha kuitwa mtoto katika sheria ya uhamiaji. Lakini tangu tarehe 6 Agosti 2002 ipo sheria ya kuwalinda watoto wanaokua wakiwa wanangoja, inayojulikana kwa kifupi kama CSPA. Kwa madaraja yenye foleni, sheria hiyo inasema: chukua umri wa mtoto siku viza ilipopatikana, kisha toa muda wote ombi lilipokuwa mezani likingoja kukubaliwa. Ombi hili lilikaa mezani siku 400. Ukizitoa, binti anabaki na miaka 19 na miezi minne.

Umri huo haugandi wenyewe. Mtoto anatakiwa aonyeshe, ndani ya mwaka mmoja tangu viza ipatikane, kwamba anaitafuta viza ile. Kulipa ada yake au kutuma fomu yake ya DS-260, ile ya kuomba viza yenyewe, hutosha. Kwa binti huyu mwisho ulikuwa katikati ya Oktoba 2020.

Faili lilipofika Kituo cha Kitaifa cha Viza, NVC, kilichopo Portsmouth, New Hampshire, bili zilikuwa hivi: dola 120 kwa kupitia hati ya udhamini, mara moja kwa familia nzima, na dola 325 kwa kila kichwa kinachoomba viza. Watatu ni 975. Jumla 1,095, zaidi ya shilingi laki moja za Kenya kwa kiwango cha wakati ule. Wakala mmoja wa Mombasa alimshauri mama alipie ya kwake kwanza, watoto wafuate hali ikiwa nzuri, "maana wao wamo tu ndani." Ni ushauri wenye sura ya huruma, na ungemaliza kila kitu. Kuwa ndani ya ombi la mama si sawa na kuitafuta viza. Oktoba 2020 ingefika bila jina la binti kuonekana kwenye mfumo, na ile miaka 19 na miezi minne ingeyeyuka. Mume alikopa kwa wenzake wa kazini akalipa zote tatu Januari 2020, na fomu tatu za DS-260 zikatumwa mwezi huo huo. Kuanzia siku hiyo binti angeweza kufika umri wowote kwenye pasipoti. Kwa sheria alikuwa na miaka 19. Mradi mambo mawili tu yasitokee: asiolewe, na baba yake wa kambo asiape.

Kuhusu karatasi sitakaa sana, kwa kuwa orodha yake haina siri. Cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo cha mume wa kwanza (mjane asipokileta hicho, ndoa ya pili haisimami), na cheti cha tabia njema kutoka DCI kwa kila aliyetimiza miaka 16, maombi yake kupitia eCitizen na alama za vidole. Kilichowachelewesha ni kimoja: mama aliwahi kufanya kazi za nyumbani Oman kwa zaidi ya mwaka, kabla hajaolewa mara ya pili. Aliyekaa nchi nyingine miezi 12 au zaidi akiwa ameshatimiza miaka 16 anatakiwa cheti cha polisi cha nchi ile. Wanawake wangapi wa pwani wamepita Ghuba? Ukiwa mmoja wao, anza na cheti hicho kabla ya vyote. Cha mama huyu kilikuja mwisho kabisa, na ni Oktoba 2020 ndipo NVC ilipowaandikia kwamba karatasi zimekamilika.

Nimeruka mbele. Turudi kwa mume.

Mkaazi wa kudumu huruhusiwa kuomba uraia akitimiza miaka mitano, na anaweza kutuma fomu siku 90 kabla. Yeye alituma katikati ya 2019. Februari 2020 akahojiwa, akafaulu, akapewa siku ya kuapa mwishoni mwa Machi. Tarehe 18 Machi USCIS ikafunga milango yake kwa sababu ya korona. Siku mbili baadaye balozi zote za Marekani zikasimamisha huduma za kawaida za viza. Kiapo kikafutwa, na nyumba ya Kisauni ikalia.

Ililia kwa haki. Hili ndilo jambo ambalo wengi waliosikia kisa hiki hawalitazami: kiapo cha Machi kingekuwa dawa. Binti alikuwa bado hajatimiza 21. Mume angeapa, akaenda nyumbani akajaza I-130 mbili mpya, ya binti na ya mdogo wake, akazituma kabla ya tarehe 4 Mei. Mtoto wa raia, anapoombewa akiwa chini ya miaka 21, umri wake huganda siku fomu inapopokelewa. Wote watatu wangekuwa jamaa wa karibu wa raia, kila mmoja na ombi lake, wasiogusana na foleni tena. Ndoa ilifungwa binti akiwa na miaka 17 na miezi minane, kwa hiyo alihesabika kuwa mtoto wa kambo. Kikomo ni ndoa kufungwa kabla mtoto hajatimiza 18. Wangechelewa kuoana miezi minne tu, mlango huo usingekuwepo.

Mlango ulifungwa tarehe 4 Mei 2020. USCIS ilianza kufungua ofisi tarehe 4 Juni, na barua ya kiapo ikaja Julai, binti akiwa na miaka 21 na miezi miwili. Kiapo ni kile kile, maneno yale yale, lakini sasa kila kitu kilikuwa kimegeuka. Kuapa kungempeleka mke juu na kumdondosha binti chini, na chini pale hapakuwa na kitu cha kumdaka isipokuwa ombi jipya la daraja la F1, la watoto wa raia waliovuka miaka 21 na ambao hawajaoa au kuolewa. Mwaka 2020 daraja hilo lilikuwa likihudumia maombi yaliyotumwa 2014. Foleni hiyo haiendi mwaka kwa mwaka, pia: mwaka 2024 sehemu kubwa ulipita ikiwa bado kwenye maombi ya 2015. Ombi la Julai 2020 lingempata binti akiwa mtu wa makamo, naye muda wote huo haruhusiwi kuolewa. Hata mdogo wake wa miaka miwili na nusu angedondoka. Tofauti ni kwamba yeye angeinuliwa kwa I-130 mpya na miezi kadhaa ya kungoja, mama akiwa na viza mkononi na mtoto hana.

Shinikizo la kuapa, hata hivyo, halikuwa la kijinga, na sitaki kuwadharau waliomshauri. Tarehe 22 Aprili 2020 Rais Trump alitia saini tangazo namba 10014 la kuzuia wahamiaji wapya kuingia. Wake wa raia na watoto wao walio chini ya miaka 21 waliachwa nje ya zuio. F2A ilikuwa ndani. Zuio lilikuwa la siku 60, Juni likaongezwa hadi mwisho wa mwaka, baadaye hadi Machi 2021. Kwa hiyo mwezi wa Julai, mke wa mkaazi wa kudumu alikuwa amefungiwa, mke wa raia hakufungiwa. Juu ya hayo, mwanzoni mwa Agosti serikali ilichapisha kanuni ya kupandisha ada ya uraia hadi dola 1,170 kuanzia Oktoba. Anayeliondoa ombi lake sasa atalirudia kwa bei hiyo. (Mahakama ilikuja kuizuia kanuni ile siku chache kabla haijaanza, lakini nani angejua?) Na uchaguzi wa Novemba ulikuwa mbele. Aliyesema "apa, usiliamini zuio hili kwisha" alikuwa na hoja.

Jibu lililonishawishi mimi alilitoa mke, kwa ujumbe wa sauti: "Mume wangu, mimi siji huko nikamwacha mwanangu wa kike Kisauni. Nimwachie nani? Tusubiri sote." Sheria haikumo katika maneno hayo, lakini hesabu ya sheria ilikuwa upande wake. Zuio lilikuwa tangazo la rais, na tangazo huondolewa kwa saini kama lilivyowekwa. Kudondoka kutoka ombi la mama hakuna saini inayokurudisha. Na zuio halikuweza kumzeesha binti, kwa kuwa umri wake ulikwisha kuganda Januari pale ada ilipolipwa. Kwa maneno mengine, kungoja kulikuwa na gharama ya muda tu. Kuapa kulikuwa na gharama ya mtu.

Angeweza kuomba kiapo kisogezwe badala ya kuliondoa ombi. Alilifikiria. Lakini anayekosa kiapo zaidi ya mara moja bila sababu inayokubalika huhesabiwa ameliacha ombi, na hakuna aliyejua atasogeza hadi lini. Aliona heri aondoke mwenyewe kwa barua safi kuliko kuacha doa kwenye faili lake la baadaye. Nakubaliana naye.

Kuna swali moja ambalo mawakili hulipenda: ingekuwaje kama 2018 angefungua maombi mawili, la mke na la binti mbali? Siku binti anafikisha 21 Mei 2020, kisha baba anaapa Julai, je, sheria ingetazama umri wa pasipoti au ule wa kupunguza siku 400? Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilisema mwaka 2011 kuwa ni umri wa pasipoti. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ile ya California na majirani zake, ilikataa tafsiri hiyo mwaka 2018, na Mzunguko wa Pili, wa New York, ukaikataa 2021. Ohio iko Mzunguko wa Sita. Kwa hiyo hata na ombi lake mwenyewe, kuapa Julai kungekuwa ni kucheza kamari, ingawa kamari yenye nafasi ya tarehe ya 2018 katika foleni ya F1 badala ya tarehe mpya. Dola 535 za ziada mwaka 2018 zingenunua hilo, na zingemlinda binti pia kama mama, Mungu apishe mbali, angefariki kabla ya viza. Nasema kwa yeyote mwenye mtoto aliyepita miaka 15: lipa ombi la pili. Ni bima, na kati ya gharama zote za njia hii ndiyo ninayoiona inastahili zaidi.

Tangazo 10014 liliondolewa na Rais Biden tarehe 24 Februari 2021. Wengi walidhani viza zitaanza kutoka mwezi unaofuata. Haikuwa hivyo. Mwaka 2019, waliokuwa wamekamilisha karatasi na kungoja siku ya mahojiano walikuwa wastani wa 60,866 kwa mwezi duniani kote. Mwaka 2021 walipita laki tano. Wizara ikapanga nani ahudumiwe kwanza, katika makundi manne. Jamaa wa karibu wa raia waliwekwa mbele, na F2A ikaangukia kundi la tatu. Hapo ndipo mume alipolipa gharama ya uamuzi wake: kila mwezi wa 2021 aliwaona wenzake walioapa wakiwapokea wake zao uwanja wa ndege, yeye bado anatuma pesa za kodi ya nyumba.

Na baada ya mfungo wa Ramadhani mwaka ule, posa ikaja. Kijana wa heshima, wazee wake wakiwa wanajulikana na familia. Binti alikuwa amemtaka. Kuna watu walishauri nikaha ifungwe kimya kimya nyumbani, bila kuandikishwa, "Wazungu watajuaje?" Ushauri huo ni hatari kuliko kungoja kwenyewe. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na mbele ya ofisa wa viza swali ni kama umeolewa, si kama una cheti. Ukisema hapana na ikajulikana baadaye ni ndiyo, huo ni udanganyifu, na unaweza kukufungia mlango maisha, ukiburuta na grini kadi utakayokuwa umepewa. Mama aliwaambia wazee wa kijana ukweli: posa imepokelewa, nikaha itangoja safari. Walikubali. Wengine wasingekubali, na hapo sijui hesabu yangu ingekuwaje. Binti wa miaka 22 akiamua kwamba maisha yake ni Mombasa na mume wake, uamuzi wa kutoapa kwa ajili yake unapoteza maana yote. Ndiyo maana naona ilikuwa makosa ya familia nzima kwamba yeye mwenyewe aliulizwa mwaka mmoja baada ya watu wazima kuamua.

Mahojiano yalikuja Februari 2022, ubalozini Gigiri, Nairobi. Kabla yake vipimo vya afya: picha ya kifua kwa mama na binti, kipimo cha damu cha kifua kikuu kwa mtoto, na chanjo ya korona, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ilikuwa sharti kwa watu wazima. Vyeti vya tabia njema vya 2020 vilikuwa vimezeeka, vikachukuliwa vipya. Ofisa aliitazama tarehe ya kuzaliwa ya binti, akaingia kwenye kompyuta kwa muda, akauliza ombi lilitumwa lini na likakubaliwa lini. Walikuwa na barua zote mbili za I-797 kutoka USCIS, ya kupokelewa ombi na ya kukubaliwa, na risiti ya malipo ya Januari 2020. Akaendelea.

Walipokwama ni pengine kabisa. Hati ya udhamini, I-864, inamtaka mdhamini awe na kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wake. Kwa watu wanne, kwa jedwali lililokuwa likitumika mwezi ule, ni dola 33,125. Mume aliivuka mwaka 2019. Mwaka 2020 ghala lilimpunguzia saa, na kodi yake ya mwaka huo ilionyesha kipato kilichoshuka chini ya mstari. Ofisa akawapa karatasi ya 221(g): viza imekataliwa kwa sasa, leteni mdhamini mwenza. Neno "imekataliwa" liliwapa mshtuko usiku ule, ingawa kwa desturi ya ubalozi karatasi hiyo ni ombi la nyaraka tu. Binamu mmoja wa mume, raia, naye kapera, alijaza I-864 yake. Yeye na hao watatu ni wanne, mstari ni ule ule wa 33,125, naye alikuwa juu yake. Aprili viza zikatoka. Wakalipa dola 220 kila mmoja za kutengenezewa grini kadi, wakaingia Columbus katikati ya Mei 2022. Kwenye pasipoti binti alikuwa na miaka 23.

Je, kiapo cha Julai 2020 kingemfikisha mke mapema? Naamini ndiyo, pengine kwa mwaka mzima. Mwaka wa ndoa si kitu kidogo, na mtoto wa kiume alimjua baba yake kwa simu mwaka mzima zaidi ya ilivyolazimu. Ukiweka hayo upande mmoja, na upande wa pili ukaweka foleni ya F1, bado mizani inalala pale ilipolala. Ila ingekuwa binti ana miaka 26 na hesabu ya CSPA imekwisha kumtupa nje tangu mwanzo, ningemwambia mume aape asubuhi ile ile. Wanaosambaza kanuni ya "uraia kwanza", na wanaosambaza kinyume chake kwa kumtaja bwana huyu kama mfano, wote wanafanya kosa moja: hawaulizi tarehe za kuzaliwa.

Mume alituma tena ombi la uraia majira ya joto ya 2022, kwa zile zile dola 725, akaapa 2023. Siku ile ile mtoto wa kiume, kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 18, ana grini kadi na anaishi na babake, akawa raia kwa nguvu ya sheria, bila fomu. Kilichobaki ni kumwombea pasipoti.

Binti alirudi Mombasa Agosti 2023, nikaha ikafungwa na yule yule kijana aliyengoja. Alipofika Columbus alituma I-130 kwa ajili ya mumewe, daraja la F2A. Aprili mwaka huo daraja lilikuwa limefungwa tena kwa tarehe, 8 Septemba 2020 kwa nchi nyingi, na hadi 2024 inakwisha lilikuwa halijakaribia maombi ya 2023. Miaka yake mitano ya ukaazi inatimia Mei 2027, na fomu ya uraia anaweza kuituma Februari. Wameshamuuliza kama naye asubiri. Mumewe hana mtoto wa kubebwa katika ombi lile, na hakuna wa kudondoka njiani. Huyu aombe siku ya kwanza inayoruhusiwa, na akiitwa kuapa, aende.